Kisigino cha Kariokor na gundi iliyokataa kushika

Kisigino kiko mezani pangu, kimepasuliwa katikati kwa msumeno wa chuma. Ukikitazama kwa ubavu unaona tabaka tatu za tairi la gari zilizopigwa misumari mifupi. Ile ya katikati imetobolewa shimo la nusu mwezi, na ndani ya shimo mna utepe wa tyubu ya pikipiki uliokunjwa pembetatu juu ya pembetatu, vile manda ya sambusa inavyokunjwa. Ukibonyeza kwa kidole gumba, mikunjo inateleza kidogo, mmoja juu ya mwenzake, kisha inarudi mahali pake. Ukiondoa kidole, ukucha umebaki na unga mweupe. Ni poda ya mtoto.

Mwenye kazi hii ni fundi wa viatu katika soko la Kariokor, Nairobi, mzee aliyepita miaka 60, aliyeanza na akala za matairi akiwa kijana kisha akahamia viatu vya ngozi. Wateja wake wakubwa siku hizi ni masoja wa malangoni, wauguzi na wapishi, watu wanaosimama juu ya saruji kutoka asubuhi hadi giza liingie. Alinijia kwa sababu kazi yangu ni kuandika maombi ya hataza, yaani ile haki ya miaka 20 ambayo serikali humpa mvumbuzi ili mwingine asitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake bila ruhusa. Ombi lake limekwisha kupokelewa, na yeye mwenyewe ameniruhusu nikieleze kisa chake. Ningekiandika kabla ya hapo ningekuwa nimemwaga siri yake barabarani.

Swali lake lilikuwa fupi. "Kijana wangu, hii naweza kuiandikisha ikawa yangu?"

Siku hiyo ofisini alikuwepo mteja mwingine, muuza viatu vya mtumba wa Gikomba, mtu aliyeshika viatu vingi kuliko nitakavyowahi kuvishika mimi. Akakipokea kisigino, akakigeuza, akakirudisha. "Mzee wangu, kwa heshima yako, hapa hakuna kitu. Ni mpira ndani ya mpira. Fundi yeyote angefikiria hivi."

Mzee hakumjibu. Alitoa kitambaa akaanza kuipangusa ile poda iliyomwagika mezani.

Kesi yote imo katika maneno hayo ya muuza viatu. Sheria ya Mali ya Viwandani ya Kenya ya mwaka 2001, kifungu cha 22, inataka uvumbuzi uwe mpya, uwe na hatua ya uvumbuzi, na uweze kutumika katika kazi za uzalishaji. Hilo la tatu halikutuchukua hata dakika: kiatu kinatengenezwa, kinauzwa, kinavaliwa. Mgogoro uko kwenye hatua ya uvumbuzi. Kifungu cha 24 kinauliza hivi, kwa maneno yangu mimi: ukiyaweka mbele yako yote yaliyokwisha kujulikana hadi siku ya kuwasilisha ombi, je, jambo hili lingekuwa dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa kazi hiyo? Likiwa dhahiri, hataza hakuna, hata kama hajapata kutokea mtu chini ya jua aliyelifanya.

Hapo ndipo wateja wangu wengi huniona kama ninawadhulumu. "Mbona hakuna mwingine anayeuza?" Ni kweli, hakuna. Lakini upya ni mlango wa kwanza tu. Mahakama ya Juu ya Marekani ililiona jambo hili mwaka 1851 katika kesi ya vishikio vya milango, Hotchkiss dhidi ya Greenwood. Vishikio vilikuwa vya chuma au mbao, mtu akavitengeneza kwa udongo wa kufinyangwa kwa njia ile ile ya zamani. Vilikuwa vipya, na vilifaa. Mahakama ikasema hiyo ni kazi ya fundi hodari, si ya mvumbuzi. Maamuzi ya kule hayazifungi mahakama zetu, wala ya Uingereza hayazifungi, ila swali ni lile lile na hoja zake zimepigwa msasa kwa muda mrefu, kwa hiyo nitaziazima njiani.

Nilianza kwa kutafuta. Hataza za dunia zimepangwa kwa alama, na viatu vimepewa A43B. Visigino vimo katika kundi la 21. Vile vinavyonyumbuka vina 21/26, vya kujazwa hewa vina 21/28, vyenye springi za chuma vina 21/30. Yaani wazo la kisigino kinachopunguza kishindo limezoeleka kiasi kwamba ofisi za hataza zimelichongea droo zake, moja ya hewa, nyingine ya springi, na kila droo imejaa. Mchapaji mmoja aliyetoka Ireland akahamia Lowell, Massachusetts, Humphrey O'Sullivan, alichoka kusimama juu ya sakafu ngumu mbele ya mashine yake, na mwaka 1899 akapata hataza ya Marekani ya kisigino cha mpira. Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Ujerumani, Klaus Märtens, aliumia kifundo cha mguu akaanza kujitengenezea soli zenye vyumba vya hewa. Baadaye yeye na mwenzake walitumia mpira uliotupwa kwenye viwanja vya ndege za kijeshi, na buti lililotokana na soli hizo likaanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1960. Marion Franklin Rudy, mhandisi aliyetoka kwenye kazi za vyombo vya anga, alipata mwaka 1980 hataza ya Marekani ya mfuko wa gesi wa kuwekwa chini ya unyayo, wazo ambalo Nike waliligeuza kuwa viatu vinavyojulikana hadi Gikomba.

Mpira uliotupwa, watu wanaosimama kutwa nzima, hewa chini ya kisigino: mzee wangu aliposikia haya alicheka kwa furaha, kama mtu aliyekutana na jamaa zake wa mbali. Lakini kwa ombi lake zilikuwa habari mbaya. Dai, yaani ile sentensi ya ombi inayotaja kinachoombewa ulinzi, likiwa pana, "kisigino chenye kitu laini ndani yake", lilikufa kabla ya chai ya saa nne. Kuweka tyubu badala ya sponji pia lilikufa, maana kubadilisha kitu laini kimoja kwa kingine ni vile vishikio vya milango tena.

Nikamwambia wazi. Akaniambia, "Hayo nayajua. Sikuja kwa sababu ya ulaini. Nimekuja kwa sababu ya gundi."

Akanieleza, na hapa nimwachie nafasi, kwa sababu kesi hii haieleweki bila historia ya mikono yake.

Alianza na sponji ya godoro. Mwezi mmoja, imelala kama chapati. Akajaribu tyubu nzima iliyofungwa na kujazwa hewa; ikapasuka kwenye mshono, karibu na misumari. Ndipo akachukua utepe wa tyubu akaukunja kama sambusa na kuupaka gundi kila mkunjo, kwa sababu kwa fundi wa viatu gundi ndiyo sheria ya kwanza. Kitu kisichogandishwa ndani ya kiatu hutembea, hulia, hula kile kilicho jirani yake. Mwanafunzi wa kazi hii hufundishwa kupaka gundi kabla hajafundishwa kushika shazia. Visigino vile vya mikunjo yenye gundi vilikuwa vizuri wiki mbili, kisha vikakakamaa. Akaviuza hivyo hivyo kwa bei ya kawaida, akihesabu kwamba jaribio limeshindwa.

Kisha soja mmoja wa lango la jengo la ofisi akarudi na jozi yake mkononi. Mzee alijiandaa kurudisha pesa. Soja akamwambia, "Fundi, mguu wa kushoto haunigongi. Nitengenezee na wa kulia uwe hivyo hivyo."

Akavipasua vyote viwili. Cha kulia kilikuwa kama alivyokijenga, mikunjo imeshikana ikawa bonge moja gumu. Cha kushoto gundi ilikuwa imekataa kushika. Tyubu mpya huja na unga ndani yake ili mpira usijigandamize, na siku ile kulikuwa na mvua, kazi ilikuwa ya haraka, utepe haukuoshwa. Sehemu pekee iliyoshika ilikuwa ukingo wa mbele, aliokuwa ameukwangua kwa tupa. Mikunjo mingine yote ilikuwa huru, na miezi mitatu ya zamu za usiku haikuwa imeiua.

Alihitaji jozi sita zaidi kulielewa kosa lake mwenyewe. Mikunjo ikiwa huru lakini shimo likiwa la kuibana, bado kisigino ni kigumu. Ni lazima pawe na nafasi pembeni. Na bila poda, joto na jasho la mguu huifanya mikunjo ishikane yenyewe hata kama hakuna gundi. Sababu yake ni tabia ya mpira: ukiukandamiza haupungui, unabadilisha umbo tu. Ukisukumwa kutoka juu unataka kutoka kwa ubavu. Mikunjo ikigandishwa, au shimo likibana, hauna pa kwenda, kwa hiyo unaukatalia mguu. Mzee hakuyasema hivyo. Alisema, "Mpira unataka kupumua kwa kando."

Sasa turudi kwa muuza viatu wa Gikomba. Simlaumu, maana alifanya kosa ambalo kila mtu hulifanya, na ambalo hata wakaguzi wa maombi ya hataza na majaji wenye nia njema hulazimika kujikinga nalo. Alipewa kisigino kikiwa kimekwisha kupasuliwa. Sisi tuliokua na vitendawili tunaijua hali hii. Mtoto anaambiwa "nyumba yangu haina mlango", anazunguka kijiji chote kwa mawazo, anataja kaburi, anataja mtungi, mwishowe anatoa mji. Akishaambiwa "yai", hapo hapo anaapa alikuwa anakaribia kulisema. Hadanganyi kwa makusudi. Jibu likishaingia kichwani hufuta njia zote nyingine, na inabaki moja iliyonyooka. Sheria inamtaka mkaguzi asimame kabla ya jibu: kwenye benchi la fundi, siku moja kabla ya kiatu kuwapo, sponji ikiwa imelala, gundi ikiwa wazi pembeni, na kila aliyemfundisha kazi akimwambia apake.

Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliipanga hatua kwa hatua mwaka 1985, katika kesi ya ubao wa kuteleza majini wenye tanga, Windsurfing International dhidi ya Tabur Marine. Tambua kiini cha uvumbuzi. Vaa viatu vya mtu wa kazi hiyo siku ile, mwenye ujuzi wa kawaida na asiye mbunifu. Onyesha tofauti kati ya kilichojulikana na kinachodaiwa. Kisha uliza kama tofauti hiyo ingekuwa dhahiri kwa asiyejua chochote kuhusu uvumbuzi huo. Kesi ile ina jambo jingine lililomgusa mzee. Hataza ilianguka kwa sehemu kwa sababu mwaka 1958 mvulana wa miaka 12 alikuwa amejitengenezea ubao wa namna hiyo akauchezea hadharani katika kisiwa cha Hayling. Mzee akauliza, "Je, kama fundi wa Kisumu alifanya kama mimi zamani na hakuandika popote?" Kifungu chetu cha 23 hakihitaji maandishi. Kilichofika kwa umma mahali popote duniani, kwa kuandikwa, kusemwa, kuonyeshwa au kutumika, kimekwisha kujulikana. Fundi wa Kisumu akitokea na ushahidi, ombi letu linaumia. Hadi leo hajatokea.

Lakini yule mtu wa Waingereza asiye mbunifu simwamini, na nilimwambia mzee tusijifiche nyuma yake. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex iliyohusu pedali ya gari na kihisi cha umeme, ilisema mtu wa ujuzi wa kawaida ana ubunifu wa kawaida pia, si mashine. Akiunganisha vitu vilivyojulikana kwa njia zilizojulikana na matokeo yakawa yale yale yaliyotarajiwa, hapo hakuna uvumbuzi. Ukitembea Kariokor nusu saa utaona kwamba huyu ndiye fundi wetu hasa. Kukosa kifaa na kukibuni kutoka kwa kingine ni kazi yake ya kila siku. Anageuza mkanda wa kiti cha gari kuwa kamba ya ndala bila kumuuliza mtu. Kipimo chetu cha ujuzi kiko juu kuliko kile cha mtu aliyelala, na anayewaandikia mafundi wa jua kali, hawa wa vibanda vya sokoni, maombi akijifanya hakijui hicho anawatayarishia kushindwa.

Kwa kipimo hicho kikali, poda inaanguka. Najua mzee anaipenda poda yake. Lakini fundi wa pancha aliye jirani na kila fundi wa viatu hunyunyizia tyubu poda kila siku ili isijigandamize ndani ya tairi. Tyubu zenyewe zimenunuliwa kwake. Aliyeona mikunjo inashikana kwa joto angenyoosha mkono akaifikia poda ile ile. Nimeiweka kwenye ombi kama nyongeza, si kama nguzo.

Gundi ni habari nyingine. Hapa aliyekwenda mbele hakufuata mafundisho ya kazi yake, aliyapinga. Tarehe 21 Februari 1966 mahakama ile ile ya Marekani ilitoa maamuzi mawili ambayo mimi huyasoma pamoja. Katika Graham dhidi ya John Deere, jembe la kuvutwa na trekta lilikuwa na springi ili mhimili wake unyanyuke ukigonga jiwe, na mdai akabadilisha mpangilio wa vipande viwili, cha juu kikawa chini. Mahakama ikaona fundi yeyote angeweza kugeuza vile. Katika kesi ya Adams, mtu aliunganisha magnesi na kloridi ya shaba, vitu vilivyojulikana vyote viwili, akapata betri inayoamshwa kwa maji. Adams akashinda, kwa sababu ujuzi wa wakati ule ulikuwa unamwonya aliyetaka kupita njia hiyo kwamba haifai, na wataalamu wa jeshi walipoletewa betri yake mwanzoni hawakuamini ingefanya kazi. Tofauti ya kesi hizi mbili haiko kwenye vipande. Iko kwenye mwelekeo ambao ujuzi wa kazi ulikuwa ukimsukuma mtu.

Na ushahidi wa mwelekeo huo tunao, tena kutoka jirani kabisa. Viatu vya mzee vilipoanza kuulizwa, fundi wa kibanda cha tatu kutoka kwake alinunua jozi kupitia kwa mtu, akaipasua, akaanza kutengeneza vyake. Akaona tyubu, akaona mkunjo wa sambusa, akaona nafasi pembeni. Akaona pia kwamba mikunjo haina gundi, akadhani mzee alisahau au alibana matumizi. Akapaka. Viatu vyake vikakakamaa baada ya wiki mbili, kama vya mzee mwanzoni. Mtu mwenye ujuzi kamili wa kazi hii, akiwa na jibu la kitendawili mkononi, bado aliliona kuwa kosa akalirekebisha. Sijawahi kuwa na ushahidi mzuri kama huu katika ombi la mtu wa jua kali, na niliuandika kwa kiapo cha yule aliyemnunulia jozi, pamoja na kisigino chenyewe kilichopasuliwa.

Hoja nzito ya upande wa pili haimo sokoni. Iko kwa wahandisi wa madaraja. Chini ya madaraja mengi huwekwa matandiko ya mpira ambao tabaka zake zimegandishwa na bamba za chuma, na bamba hizo kazi yake ni kuuzuia mpira usifutuke kwa ubavu ili ubebe uzito mkubwa bila kubonyea. Mhandisi anayejua kwamba kugandisha kunaongeza ugumu anaweza kusema kuachia kunapunguza, na kwamba mzee amegeuza tu sarafu upande wa pili. Hoja hiyo ilininyima usingizi. Ikiwa mtu mwenye ujuzi wa kazi hii ni mhandisi wa kampuni kubwa ya viatu, mwenye maabara na vitabu, huenda angefika.

Jibu langu ni kwamba lazima tuulize angekuwa na sababu gani ya kwenda kwenye daraja. Tatizo lililokuwa mezani lilikuwa kutafuta kitu cha kujaza kisigino kisichochakaa. Mwenye tatizo hilo anabadilisha kitu cha kujazia: sponji bora, gesi, jeli, springi, na droo za A43B zinaonyesha kwamba wenye maabara walikwenda huko huko. Kuweza kufika si sawa na kuwa na sababu ya kuondoka nyumbani. Pia, mhandisi akijua kwamba mikunjo huru ni laini, bado atahofia kile anachohofia kila fundi, kwamba kitu huru kitatembea na kujila. Kwamba hakikujila kwa miezi mitatu ya zamu ndilo tokeo lisilotarajiwa. Naiamini hoja hii. Naamini pia kwamba mkaguzi makini anaweza kuikataa kwa haki, na nilimwambia mzee hivyo kabla hajatoa shilingi.

Kuna aliyeniuliza kama bahati inahesabiwa kuwa uvumbuzi, maana kilichoanzisha yote ni mvua na haraka. Sheria ya Marekani, kifungu cha 103, inasema wazi kwamba namna uvumbuzi ulivyopatikana haiondoi haki ya hataza, na sheria yetu haina sharti la kuteseka. Gundi hukataa kushika katika vibanda vyote vya Nairobi kila msimu wa mvua. Mafundi wengine huomba radhi na kupaka upya. Huyu alikaa chini akajiuliza kwa nini soja ameridhika.

Baada ya hapo tukafika kwenye tarehe, na hapa nilipata hofu ya kweli. Sheria yetu humsamehe mvumbuzi aliyeutoa uvumbuzi wake hadharani yeye mwenyewe, ilimradi ombi liwasilishwe ndani ya miezi 12. Mzee alikuwa ameuza. Kwa hesabu yake muda ulikuwa mwingi, kwa sababu jozi ya kwanza aliyoitengeneza kwa makusudi ilikuwa na miezi saba tu. Nikamwomba kitabu cha risiti. Mimi nilihesabu kutoka kwenye kiatu cha kushoto cha soja, kwa kuwa kilikuwa na kiini chote ndani yake na kilitoka dukani kwa pesa, iwe fundi alijua au hakujua. Risiti ile ilikuwa na miezi 11 na siku chache. Tulibaki na wiki tatu. Ulaya mlango ulikuwa umekwisha kufungwa, kwa kuwa kule mauzo ya kawaida ya mwenye uvumbuzi hayasamehewi hata siku moja.

Mwisho lilikuwa suala la njia. Kusajili umbo la bidhaa, ulinzi unaoweza kufika miaka 15, hakukufaa: ulinzi ule ni wa sura, haugusi kilichowekwa kwa ajili ya kazi peke yake, na kisigino hiki uzuri wake hauonekani kwa nje. Ipo pia hataza ndogo, cheti cha miaka 10 kisichorefushwa, kinachotaka upya na matumizi lakini hakiulizi hatua ya uvumbuzi kabisa. Kwa mafundi wengi wa jua kali mimi hupendekeza cheti hicho moja kwa moja, na nasikitika kwamba wengi wao hawajawahi hata kukisikia. Kwa mzee tulichagua kuomba hataza kamili, kwa kuwa sheria inaruhusu ombi ligeuzwe kuwa la cheti kabla halijakubaliwa au kukataliwa. Mkaguzi akituandikia kwamba mikunjo huru ni dhahiri, tutajibu kwa nguvu zetu zote. Tukiona hatusikilizwi, tutageuza.

Siku ya mwisho nilimsomea dai la kwanza. "Kisigino cha kiatu chenye shimo, ndani ya shimo mna utepe wa mpira uliokunjwa pembetatu juu ya pembetatu, ambao mikunjo yake haikutiwa gundi."

Akanyoosha mkono. "Hapana. Hicho kitanirudishia wateja. Ukingo wa mbele una gundi. Bila huo utepe unarudi nyuma, na siku ya tatu kiatu kinalia."

Nikafuta, nikaandika kwamba utepe umegandishwa kwenye ukingo wa mbele pekee. Nikaona alichokuwa amenisaidia: neno hilo moja lilikuwa limejibu hofu ya kutembea na kujila, na lilikuwa limekitenga kisigino chake na kiatu chochote duniani ambacho gundi yake ilibanduka tu.

"Na nafasi ya pembeni?" nikauliza. "Kiasi gani?"

Akatoa sarafu ya shilingi kumi kwenye mfuko wa aproni, akaisimamisha kwa ubavu kati ya mkunjo na ukuta wa shimo, akaizungusha taratibu nusu mwezi yote bila kukwama. Kisha akachukua ya pili, akazibana pamoja, akazungusha tena. Zikapita kwa kusugua. Nikapima kwa rula ya chuma, tukakubaliana iandikwe kati ya milimita 2 na 5. Asubuhi iliyofuata tukaenda pamoja South C, barabara ya Popo, kwenye ofisi za Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya, yeye akiwa amevaa jozi yake mwenyewe.